Kenya: Mgeni wa jioni kwenye ua la mpapai

Jua linapozama nyuma ya magenge ya Elgeyo, katika Bonde la Kerio magharibi mwa Kenya, nyuki hurejea mizingani na vipepeo hujificha chini ya majani. Mtu aliyekaa shambani mchana kutwa akihesabu wadudu wanaotua kwenye mipapai hurudi nyumbani saa hiyo akiwa hajaandika kitu cha maana. Dakika chache baadaye, giza linapoanza kushika, harufu tamu huenea kutoka kwenye vishada vya maua meupe, na viumbe wenye kasi ya ajabu huanza kupita kati ya miti. Hawatui. Huning'inia hewani mbele ya ua, hunyoosha mrija mrefu, hunywa, kisha hutoweka kabla jicho halijawatambua.

Viumbe hao ni nondo wenye mwili mnene na mabawa membamba, ambao kwa wepesi wao wa kuruka wataalamu wamewafananisha na mwewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Dino Martins, mtaalamu wa wadudu kutoka Kenya, pamoja na Steven Johnson wa Afrika Kusini, ulionyesha kwamba nondo-mwewe hao ndio wanaochavusha mipapai ya wakulima, na kwamba umbali kati ya shamba na pori la asili, pamoja na hali ya pori lenyewe, huathiri kazi yao. Kwa maneno mengine, mavuno ya papai hutegemea kitu ambacho mkulima hakioni mchana, na ambacho mara nyingi hukaa nje ya mpaka wa shamba lake.

Mpapai si mti wa asili ya Afrika. Ulitoka Amerika ya Kati, ukavuka bahari, na leo ni vigumu kuukosa katika ua wa nyumba yoyote kuanzia Mombasa hadi Bujumbura. Ulipofika huku ulikutana na nondo ambao hawakuwa wamewahi kuuona, nao wakaupokea mara moja, kwa sababu ua lake lina alama ambazo nondo-mwewe wa nchi nyingi huzifuata: weupe unaoonekana katika mwanga hafifu, harufu inayozidi jioni, na shingo nyembamba ya ua ambayo mwisho wake una mbochi, yaani yale maji matamu yanayotafutwa na wadudu.

Kuna mipapai ya namna tatu. Upo mpapai dume, ambao maua yake madogo huning'inia katika vishada virefu; upo mpapai jike, ambao maua yake makubwa zaidi hukaa karibu kabisa na shina; na upo ule wenye maua ya jinsia zote mbili, ambao huweza kujichavusha wenyewe. Mbegu nyingi za kisasa zinazouzwa madukani ni za namna hii ya tatu. Lakini mipapai inayoota kutokana na mbegu zilizotemwa au kuhifadhiwa nyumbani huwa mara nyingi ni madume na majike, na hapo ndipo nondo anapohitajika.

Jambo la kushangaza ni kwamba ua jike halimlipi mgeni wake. Ua dume lina mbochi; ua jike halina. Nondo hulizuru kwa kukosea, akidhani ni sawa na lile alilonyonya punde, na katika kosa hilo huacha chembe za chavua alizozibeba usoni na kwenye mrija. Papai zima, pamoja na mamia ya mbegu zake, ni tokeo la mdudu aliyedanganyika gizani. Mpango wa namna hii hufanya kazi vizuri pale tu ambapo madume yapo na nondo ni wengi. Nondo akizuru maua machache tu usiku mzima, huenda asikosee hata mara moja.

Kutokana na hali hiyo hutokea hasara inayojulikana katika vijiji vingi vya kanda hii. Mwenye shamba huuona mpapai dume ukichanua mfululizo bila kuzaa, huuita mvivu, na siku moja huukata ili kutoa nafasi. Msimu unaofuata maua ya majike hunyauka na kudondoka, au hutoa matunda madogo yenye mbegu za kuhesabika. Jirani humwambia kwamba ni ugonjwa. Duka la pembejeo humuuzia dawa. Dawa hunyunyizwa, na nondo wachache waliokuwa wakifika hupungua zaidi. Katika mlolongo huo wote hakuna aliyekaa karibu na mti saa moja jioni kutazama kinachotokea. Ushauri wa kawaida wa maofisa wa kilimo ni kubakiza angalau mpapai dume mmoja kwa kila majike kumi hivi, na huo ni ushauri mwema. Hata hivyo, dume pekee bila nondo halina faida.

Nondo naye ana historia isiyompendeza mkulima. Kabla ya kuwa mgeni wa jioni alikuwa kiwavi, na kiwavi hula majani. Wakulima wa viazi vitamu wanamjua mmoja wao vizuri: mnene, wa rangi ya kijani au kahawia, mwenye kitu kama pembe ndogo mkiani. Huyo hukua akawa nondo-mwewe ambaye wanasayansi humwita Agrius convolvuli, aliyeenea katika sehemu kubwa ya Afrika, mwenye mrija mrefu kuliko mwili wake mwenyewe. Viwavi wa jamaa zake wengine hula majani ya mizabibu mwitu na mimea mingine ya vichakani. Haifuati kwamba shamba la viazi liachwe liliwe. Viwavi wakizidi, kuwaokota kwa mkono huokoa viazi bila kugusa kitu kingine. Lakini mtu akinyunyiza sumu katika kila kichaka kinachozunguka nyumba yake kwa kumchukia kiwavi, asishangae mipapai yake ikikosa wageni.

Pori nalo lina kazi mbili. Huwalisha viwavi majani, na huwapa nondo wakubwa mbochi katika majira ambayo mazao hayachanui. Kandokando ya Kerio, miteremko ambayo bado ina vichaka na miti ya asili iko karibu na mashamba, na ndiyo maana bonde hilo limekuwa mahali pazuri pa kujifunza uhusiano huu. Ndiko pia ambako mkaa na mashamba mapya humega vichaka hivyo kidogo kidogo. Mkata mkaa na mwenye mipapai mara nyingi ni watu wa ukoo mmoja, wakati mwingine ni mtu yule yule, na si rahisi kumwonyesha kwamba shoka la asubuhi limegusa kapu lake la matunda.

Mchana una wageni wengine, na mfano wao mzuri unatoka sehemu nyingine ya Bonde la Ufa: Nguruman, katika kaunti ya Kajiado, si mbali na mpaka wa Tanzania. Hapo nchi ni kame, lakini maji yanayoteremka kutoka milimani huwezesha kilimo cha umwagiliaji, na miongoni mwa mazao hayo ni biringanya. Mwaka 2008 watafiti Gemmill-Herren na Ochieng walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya nyuki wa mwituni na maua ya mbiringanya mahali hapo. Nyuki wawili ndio waliojitokeza kuwa wachavushaji hodari, na wala hakuna kati yao aliye nyuki wa asali.

Sababu imo katika umbo la ua lenyewe. Katikati ya petali za zambarau za mbiringanya husimama vifuko vya manjano vilivyokusanyika kama koni. Chavua imefungiwa ndani ya vifuko hivyo, na mlango wa kutokea ni tundu dogo kwenye ncha. Mdudu anayetua na kutembea juu yake haambulii kitu. Nyuki wa namna fulani, hata hivyo, hukishika kifuko kwa meno, hukunja mwili, na bila kupepesa mabawa hutikisa misuli ya kifua chake mamia ya mara kwa sekunde. Chavua hutoka kwa kishindo kidogo, kama chumvi katika kichupa chenye matundu. Mtu aliye karibu hulisikia tendo hilo kabla ya kuliona: mlio wa nyuki anaporuka ni mzito, kisha ghafla hupanda na kuwa mwembamba na mkali, hukatika, na hurudia tena kwenye ua linalofuata. Nyanya nazo hufaidika na mtikiso huo huo, ingawa ua la nyanya likitikiswa na upepo huweza kujichavusha kwa kiasi.

Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Jambo hili huwasumbua watu wengi, kwa sababu tangu shuleni wamefundishwa kwamba nyuki ni yule wa mzingani, na kwamba anayetaka mavuno aweke mizinga. Mizinga ni mali, na maboga, matikiti na alizeti huishukuru. Lakini mizinga kumi kando ya shamba la mibiringanya haitaongeza sana kile ambacho nyuki mmoja mwenye kutikisa angekifanya. Katika nyumba za vioo za Ulaya, wakulima wa nyanya hununua nyuki wakubwa wenye manyoya mengi kwa ajili ya mtikiso huo. Nyuki hao hawapo kiasili katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara, na hawahitajiki, kwa sababu bara hili lina mafundi wake.

Fundi wa kwanza wa Nguruman ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, Xylocopa caffra. Jike lake lina mikanda miwili ya manjano au meupe mgongoni, na dume limefunikwa na manyoya ya manjano hivi kwamba watu wengi hudhani ni mdudu wa aina nyingine kabisa. Dume huzunguka mbele ya uso wa mtu kwa ukali mwingi, lakini halina mwiba wa kuchoma. Jike linao, ila hulitumia likishikwa tu. Kosa la nyuki huyu ni moja: hutaga katika mbao kavu, na mbao kavu iliyo karibu zaidi huwa ni boriti ya paa. Kwa hiyo huzibwa matundu kwa udongo, humwagiwa mafuta ya taa, au hupigwa kwa ufagio, na wanaofanya hivyo ni watu wale wale wanaolalamika kwamba mibiringanya inachanua bila kuzaa. Tiba yake si ngumu. Gogo kavu, au kipande cha mlingoti wa mkonge uliokwisha kuchanua, kikifungwa mahali pasiponyeshewa na mvua, humpa nyumba mbadala. Na boriti iliyopakwa rangi humvutia kidogo kuliko ile iliyo tupu.

Wa pili ni mdogo na hana sifa yoyote mitaani. Jina lake la kisayansi, Macronomia rufipes, linataja wekundu wa miguu yake. Huyu ni wa jamii ya nyuki wanaochimba ardhini. Tundu lake hufanana na la sisimizi, na kwa kawaida huangamia bila mtu kujua, jembe linapopita au maji ya mfereji yanapofurika. Kipande kidogo cha ardhi kisicholimwa, kwenye kingo za shamba au kando ya njia, humtosha. Watafiti walisisitiza pia jambo ambalo Kerio inalithibitisha kwa njia yake: mbiringanya hauchanui mwaka mzima, na nyuki wanaouchavusha huishi kwa mimea ya kingo na ya porini katika miezi yote mingine. Magugu yaliyo kando ya shamba, ambayo mwanakijiji mwenye bidii huyafyeka ili asionekane mzembe, ndiyo ghala la chakula la vibarua wake.

Nyuki huyo mkubwa mweusi ana mteja mwingine, naye ni tunda la pasheni, ambalo wengine huliita marakuja. Pasheni ya zambarau, ile ya nyanda za juu inayolimwa pia Uganda na Rwanda, huchanua tangu alfajiri na kufunga maua yake karibu na adhuhuri, nayo huweza kuzaa kwa chavua yake yenyewe. Pasheni ya manjano hupenda joto, na hustawi katika maeneo ya chini kama pwani ya Kenya. Hiyo hufungua maua yake karibu saa sita mchana, na haizai isipokuwa kwa chavua iliyotoka kwenye mmea mwingine. Ua lake huishi siku moja tu. Vifuko vya chavua huning'inia juu sana ya mahali penye mbochi, kwa hiyo nyuki wa asali hupita chini bila kuvigusa, au hupanda kuiba chavua na kwenda zake. Nyuki mkubwa akiingia, mgongo wake husugua vyote kwa pamoja. Mahali ambapo nyuki huyo ameadimika, wakulima hulazimika kupita mchana wakichavusha ua moja baada ya jingine kwa kidole. Ni kazi inayowezekana kwa mimea mitano nyuma ya nyumba. Kwa shamba la ekari moja ni mzigo.

Suala la dawa haliepukiki. Mwaka 2016 jopo la kimataifa linaloshughulikia bayoanuwai lilitoa tathmini yake ya wachavushaji, likieleza kwamba zaidi ya asilimia 75 ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea wanyama, kwa kiasi kikubwa au kidogo, katika uchavushaji, na likataja viuatilifu kuwa mojawapo ya hatari zinazowakabili. Miaka miwili baadaye Umoja wa Ulaya uliamua kuzuia matumizi ya dawa tatu za kundi la neonikotinoidi nje ya nyumba za kuoteshea mimea, kwa kuwa dawa hizo huingia ndani ya utomvu wa mmea na kufika hadi kwenye chavua na mbochi. Katika Afrika Mashariki dawa za kundi hilo ziliendelea kuuzwa. Nchini Kenya, mwaka 2019, Gladys Shollei, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, aliwasilisha ombi katika Bunge la Taifa akitaka viuatilifu vyenye madhara kwa watu na mazingira viondolewe sokoni, na mjadala huo ulidumu miaka iliyofuata. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, iliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka 1970 chini ya mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, ilifungua mwaka 2014 maabara maalumu ya afya ya nyuki, kwa manufaa ya bara zima.

Maamuzi ya mabunge huchelewa, na chupa ya dawa iko jikoni leo. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kunyunyiza jioni, nyuki wakiisha kurudi nyumbani. Kwa mibiringanya na maboga ushauri huo una maana. Kwa mipapai ni kinyume kabisa: jioni ndiyo saa ya mgeni. Anayechanganya mazao hayo katika ua mmoja, kama wafanyavyo wengi, hana saa moja iliyo salama kwa wote, na namna pekee ya kujua nani yuko kazini ni kutazama kabla ya kunyunyiza. Mara nyingine kutazama kwenyewe huondoa haja ya dawa. Inzi wembamba wenye mistari ya manjano, wanaosimama hewani bila kuyumba juu ya maua, huuawa kwa kudhaniwa kuwa nyigu. Wana mabawa mawili tu, ilhali nyigu na nyuki wana manne, na hawawezi kuchoma. Viwavi wa wengi wao hula vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya majani machanga na ambao kwa ajili yao chupa ilinunuliwa.

Lugha nayo haikumsaidia mdudu. Kwa Waswahili wengi neno hilo ni la dharau, na mtoto anayechutama mbele ya ua kuangalia kilichotua huambiwa aondoke asije akaumwa. Ni hasara, kwa sababu mtoto huyo ana macho makali na muda, vitu viwili ambavyo kazi hii inavihitaji kuliko shahada.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Watafiti huchagua mmea mmoja uliochanua, huhesabu maua yaliyo wazi, hukaa hatua mbili kutoka hapo bila kuutia kivuli, na kwa dakika kumi huandika kila mgeni anayegusa sehemu ya ndani ya ua. Anayetua kwenye jani hahesabiwi. Si lazima kujua majina: nyuki mkubwa mweusi, nyuki wa asali, nyuki mdogo, inzi, kipepeo na nondo yanatosha kwa kuanzia. Saa huandikwa, na hali ya hewa pia, kwa maana siku ya mvua au ya upepo mkali huleta jibu la uongo. Kisha hesabu hurudiwa katika saa nyingine: mapema asubuhi kwa maboga, ambayo hufunga maua yake kabla ya mchana, katikati ya asubuhi kwa mibiringanya, baada ya saa sita kwa pasheni ya manjano, na jioni, kwa tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu ili mwanga usiwasumbue nondo, kwa mipapai.

Anayetaka jibu la uhakika zaidi hutumia jaribio la zamani ambalo maabara nyingi bado zinalitegemea. Huchukua matumba matatu ya mmea mmoja, yaliyo karibu kufunguka. La kwanza hufunikwa kwa kifuko cha kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Kipande cha chandarua hakifai ikiwa kimetiwa dawa, kwa sababu kitawaua wageni wa maua ya jirani. La pili huachwa wazi. La tatu huchavushwa kwa mkono: kwa mpapai na pasheni, kwa kupeleka chavua ya ua moja hadi jingine kwa kidole au brashi, kwa mbiringanya, kwa kulitikisa ua kwa haraka kwa ncha ya kidole. Ni vyema kurudia na matumba kadhaa ya kila namna, maana tumba moja huweza kuliwa na panzi.

Majibu husomeka hivi. Ua lililochavushwa kwa mkono likizaa na lililoachwa wazi lisizae, wageni hawatoshi, na hakuna mbolea wala dawa itakayoziba pengo hilo. Yote matatu yakidondoka, tatizo huenda ni maji, udongo au ugonjwa, na hapo ofisa wa kilimo anastahili kuitwa. Lililofunikwa likizaa sawa na mengine, mmea huo hujitegemea na hauna haja ya mgeni. Mipapai ya jinsia mbili hutoa jibu hili mara nyingi. Kifuko huondolewa ua linapokwisha kunyauka, na uzi wa rangi hufungwa kwenye kikonyo ili tunda litambulike siku ya kuvunwa, litakapopasuliwa na mbegu zake kuhesabiwa.